Vibembea Katika Mti wa Hekalu

Binti aliyeshika nafasi yangu hekaluni ameacha kazi baada ya wiki moja. Amesema hakukaa darasani mpaka kidato cha nne ili aje kusugua taa za masanamu ya Wahindi. Maneno hayo niliyapata kwa dada yake, sokoni Bukoba, mbele ya watu, na dada yake akayasindikiza kwa kicheko. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na mkungu wa ndizi kichwani. Vinginevyo tungeshikana.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi wengine, mabinti mnaomaliza shule mwaka huu, mnaosubiri ofisi zenye feni. Mimi pia nilizisubiri. Tulipopata Uhuru nilikuwa bado darasani, na kila mgeni aliyekuja kutuhutubia alituambia kwamba nchi inatungoja. Nilipomaliza nikakuta nchi haijui hata jina langu. Nikaolewa Buhembe, nikazaa, nikachoka kukaa, nikasikia hekalu la mjini linatafuta mtu wa kutunza, nikaenda. Nimeifanya kazi ile tangu mwanangu wa kwanza anatambaa mpaka sasa yuko darasa la pili. Mwezi uliopita mume wangu, ambaye ni bwana shamba, amepelekwa kijiji cha ujamaa huku Muleba, upande wa Ijumbi, nasi tumehama naye. Basi nimestaafu. Ndiyo, nimestaafu, na meno yangu yote yapo.

Kabla hamjacheka na ninyi, nisikilizeni. Hekalu lile nusura ligeuzwe ghala la kahawa. Lingegeuzwa, bibi aliyenifundisha kazi angekosa pa kulala na pa kusali kwa siku moja, naye uzeeni. Halikugeuzwa. Nitawaeleza ilikuwaje, lakini nitaanzia ninapotaka mimi.

Bibi huyo tulimwita Amma, maana ndivyo wanavyomwita mama huko kwao. Wahindi wengi wenye maduka Bukoba walitoka magharibi ya India. Amma na mumewe walitoka kusini kabisa, katika mji ambao yeye alisema una mahekalu mengi kuliko maduka. Wenye maduka walimwagiza mumewe awe kuhani wao baada ya kuhani wa kwanza kushindwa na mvua zetu. Mzee alikuwa mpole, na Kiswahili chake kiliishia kwenye "habari" na "pole pole". Amma alikuwa na Kiswahili chote alichokosa mumewe, na Kihaya cha sokoni juu yake, na ulimi.

Siku ya kwanza, katibu wa hekalu, Bwana Kanti mwenye duka la vitambaa, alinipa sindano na uzi nitunge taji la maua. Nikatunga vizuri kabisa, mishono niliyofundishwa shuleni na masista. Amma akaja, akalivuta mara moja, likakatika, maua yakatawanyika sakafuni.

"Sindano ni ya shati," akasema. "Ua unalitobolea nini? Limekukosea?"

"Amma, kwetu tunatumia sindano tangu babu," Bwana Kanti akasema.

"Kwenu kukavu. Hamna migomba." Akanigeukia mimi. "Wewe, kwenu kuna mgomba?"

Nilimtazama. Kumuuliza Mhaya kama kwao kuna mgomba!

Akanipeleka nyuma. Alichukua gamba la mgomba lililokauka nusu, akachana nyuzi nyembamba kama nywele, akazilowesha majini. Kisha akaweka asumini mbili huku, mbili huku, vikonyo vikikutana katikati, akapitisha uzi, akakaza kwa kidole gumba. Hakuna tundu wala fundo la kuonekana, na unyevu wa uzi unalifanya ua liishi mpaka kesho yake. Nikaomba nijaribu. Mama yangu alifunga kila kitu kwa nyuzi hizo, kuanzia furushi la maharage hadi mlango wa banda la mbuzi, na mimi nilikuwa msaidizi wake tangu nikiwa mdogo. Kabla ya mchana taji langu lilikuwa refu kuliko la Amma. Hakunisifu. Alisema tu, "Kesho njoo mapema."

Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wangu. Alinifundisha kusugua taa za shaba kwa majivu na ndimu, kamwe si kwa mchanga, kwa sababu mchanga hung'arisha haraka lakini huacha mikwaruzo, na masizi huingia humo yakakaa. Alinifundisha kusokota utambi kwa viganja vikavu. Alinifundisha kwamba taa ya pale haizimwi kwa kupuliza na mdomo. Nilipomuuliza sababu, aliniuliza kama mimi ningependa kupuliziwa mate usoni. Basi.

Makosa nilifanya. Kubwa kuliko yote lilikuwa la senene, wale panzi wa kijani wanaoliwa kwetu.

Nje ya hekalu palikuwa na balbu kubwa ya umeme. Mwezi wa kumi na moja, alfajiri moja yenye ukungu, nilifika kazini nikakuta uwanja wote umekuwa kijani. Wametua kwenye kuta, kwenye ngazi, kwenye mti. Mhaya gani atapita akaingia ndani kuwasha utambi? Nilimweka mtoto chini, nikavua kanga, nikaanza. Watu wa barabarani nao wakaingia: mfagiaji wa duka la jirani, akina mama wawili waliokuwa wakienda sokoni, na askari polisi aliyegeuza kofia yake kuwa kikapu. Tulipojaza tukakaa kwenye ngazi kuchambua, mabawa huku, miguu huku, tukipiga soga. Ilikuwa raha. Ndipo mlango ukafunguliwa.

Mjue kwamba ndani ya nyumba ile hata yai halikuruhusiwa kuingia.

"Nini hii?" Amma akauliza.

"Senene, Amma."

"Wanafanya nini hapa?"

"Wanasubiri kikaango, mama," askari akajibu kwa heshima zote.

Amma alitutazama mmoja mmoja. Mkononi nilikuwa na mguu wa senene, sikujua niutupe wapi. Akasema, "Hawa wamefuata taa. Hapa, aliyefuata taa ni mgeni. Mgeni hakatwi miguu."

Nikafungua kanga yangu, walio hai wakaruka. Akina mama wakaondoka na wao kimyakimya. Askari akavaa uso wa kazi. "Mama, hawa walio kwenye kofia ni mali ya serikali," akasema, akatoka nao.

Niliosha ngazi zile mpaka mikono ikavimba, nikijua kazi imekwisha. Amma alikuwa amesimama juu yangu. Mwishowe akauliza, kwa sauti ya chini, "Ni watamu?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Kwetu mwanamke anaokota, anachambua, anakaanga. Anayekula ni mwanamume."

Amma alikaa chini kwenye maji. Alicheka mpaka mzee akatoka ndani kuangalia kuna nini. "Umeninajisia ngazi," akasema akifuta machozi, "kwa kitu ambacho hata kukionja huruhusiwi!"

Nilikasirika siku ile na bado nimekasirika. Njiani kurudi Buhembe nilinunua senene, nikakaanga, nikala mbele ya mume wangu. Nilikula sahani yote. Alinitazama tu. Hakufa, wala mimi sikufa. Na hekaluni, tangu mwaka ule, msimu wa senene balbu ile ilizimwa.

Lakini kazi ninayojivunia zaidi haikuwa taa wala maua. Ni hadithi. Walimu walikuwa wakileta wanafunzi kuona majengo ya mji, na zamani Bwana Kanti ndiye aliyewapokea. Aliwaambia marumaru imetoka wapi na nani alichanga. Watoto walisinzia wamesimama. Siku moja Amma akamwondoa, akaanza kuwasimulia habari za mahekalu ya mji wake, na mimi nikatafsiri kile Kiswahili chake kuwa Kiswahili cha shule, na pale watoto walipokodoa macho, kuwa Kihaya. Baadaye nilisimulia peke yangu.

Amma alikuwa na sheria moja. Kila hekalu la kwao lina hadithi ya kueleza kwa nini liko pale lilipo na si mahali pengine. "Hekalu lisilo na sababu ya kuwa pale ni duka," alisema, huku Bwana Kanti anasikia.

Kuna moja juu ya kilima. Mchungaji alikuwa na ng'ombe ambaye kila jioni alirudi hana maziwa. Akamshuku jirani. Akamfuata ng'ombe porini, akamwona anasimama juu ya kichuguu na maziwa yanamwagika yenyewe, hakuna anayekamua. Akachimba, akakuta jiwe la mungu ndani ya kichuguu, na pale pale hekalu likajengwa. Niliposimulia hivyo mara ya kwanza, mtoto mmoja kutoka Kagoma alinyoosha mkono. "Na kumbikumbi?"

"Kumbikumbi wa nini?"

"Wa kichuguu. Nani aliwala?"

Darasa zima likataka kujua. Nilishindwa kuendelea. Tangu hapo nilipofika kwenye kichuguu nilisema kabisa: na kumbikumbi walihama salama. Ukiacha swali la mtoto limening'inia, yote utakayosema baadaye yanapita juu ya kichwa chake.

Ya pili ni ya gari la mungu. Huko kwao mungu wa hekalu kubwa hutolewa nje mara moja kwa mwaka juu ya gari la mbao refu kama nyumba ya ghorofa, likavutwa kwa kamba na watu wa koo zinazoheshimiwa. Mwaka mmoja gari likagoma. Wakavuta, wakaongeza watu, wakaleta tembo. Halikusogea. Mungu akamtokea kuhani ndotoni: hamjawaita wachuna ngozi wa ng'ambo ya mto. Watu wale hawakuruhusiwa hata kupita mtaa ule. Wakaitwa, wakashika kamba, na gari likatembea kama mtoto aliyeona mama yake.

Sasa, katika hekalu letu palikuwa na mstari wa shaba sakafuni. Mimi nilifagia mpaka kwenye mstari. Ng'ambo yake, chumba cha ndani, anaingia mzee tu. Siku nilipotafsiri hadithi ile ya gari kwa mara ya kwanza, watoto walipoondoka nilimgeukia Amma, ufagio mkononi.

"Kama mungu mwenyewe aliwangoja wale wachuna ngozi, mbona mimi naishia hapa?"

"Mungu aliwangoja," akasema. "Watu bado." Akaenda kupika.

Sikuvuka mstari ule hata siku moja. Siwaambii kwamba kazi ile ilikuwa haina la kuudhi. Nawaambia kwamba nilipata mtu aliyenijibu ukweli, na ninyi huko ofisini mtakakokwenda mtahesabu vidole kabla hamjampata.

Hadithi ya tatu ndiyo iliyotuokoa, au ndiyo iliyotaka kutumaliza. Pembeni mwa bwawa la mji ule kuna hekalu dogo la mungu mke, na mbele yake mti mkubwa. Zamani mke wa mfinyanzi alikosa mtoto, na kila alipopita na vyungu vyake wenzake walimcheka. Siku moja bibi kizee akabisha mlangoni kwake, akamwomba amtengenezee kitanda kidogo cha kubembezea mtoto.

"Cha mtoto gani?" mke wa mfinyanzi akauliza.

"Cha mtoto ambaye hajafika."

Hakuuliza zaidi. Akatengeneza kwa kipande cha nguo yake. Bibi kizee akakichukua, akakitundika mtini, akaingia hekaluni na hakutoka tena. Mwaka uliofuata mke wa mfinyanzi alizaa. Hadi leo wanawake wa mji ule hutundika vibembea vidogo katika mti ule. Haviteremshwi, vinaoza vyenyewe. Na anayetunza hekalu haulizi wala hasemi ni nani aliyetundika.

Katika uwanja wa hekalu letu Bukoba palikuwa na mtoma, mti ule ambao mababu zetu walitoa magome yake kuwa nguo. Amma alisema ni ndugu wa mti wa kwao, tazama majani yake. Nami hadithi ile niliitafsiri mara nyingi, si kwa watoto tu. Kulikuwa na wanawake waliotuletea vitu: maziwa, samli, ndizi. Walikaa kivulini kupumzika, wakasikiliza. Mnajua kwetu mwanamke asiyezaa anavyoishi. Mnajua anavyoangaliwa tumbo kabla ya kusalimiwa. Asubuhi moja nilikuta kibembea cha kwanza. Hakikuwa cha nguo. Kilikuwa gamba la mgomba lililokunjwa kama mtumbwi, limefungwa kwa nyuzi za mgomba, na ndani yake tunda moja la kahawa, lile la kutafuna tunalompa mgeni. Amma alikitazama sana. "Huyu amekizidi chetu," akasema. Baada ya muda mti ule ulikuwa umejaa.

Niliwajua wenyewe wote. Hakuna fundo la nyuzi za mgomba ambalo siwezi kusema limefungwa na mkono gani. Sikusema. Mume wangu hakujua, padri hakujua. Wawili nitakaowataja hapa nawataja kwa sababu walijitaja wenyewe mbele ya umati. Wengine mtanisubiri sana.

Kisha mambo yakabadilika. Serikali ilitwaa majumba makubwa ya kupangisha, na wenye maduka wengi wakafunga wakaondoka. Waliokuja kusali wakabaki wachache mno. Bwana Kanti naye alikuwa akifunga masanduku. Hapo ndipo mwenyekiti wa mtaa, Ta Kamugisha ("Ta" ndivyo tunavyomheshimu mwanamume), aliyeongoza pia ushirika wa kahawa, alipoanza kulipima hekalu kwa macho kila alipopita. Nimtendee haki: hakuwa mwizi. Kahawa ya wakulima ilikuwa inalowa nje chini ya maturubai, na yeye aliona paa zima na sakafu kavu. Akatangaza kwamba Jumamosi wananchi wote wakutane uwanjani mwa hekalu waamue.

Nilimwendea Bwana Kanti. "Utawaachia?"

"Dada yangu, mimi nina tiketi mfukoni," akasema. "Nifanye nini?"

Nilimwendea katekista, nikidhani mtu wa Mungu atajua nyumba ya ibada ni nini. Akasema bora liwe ghala, angalau litakuwa na faida. Nikamwambia kanisa letu nalo lina paa zuri.

Amma alikuwa anachambua mchele. Aliniambia huko kwao kuna mahekalu yaliyofanywa mazizi ya farasi na yakarudi kuwa mahekalu. "Ni mimi ambaye sitarudi," akasema. "Mzee wangu hatafika hata melini. Tulipanga tufie hapa."

Nikamwambia, "Nitasimama Jumamosi, nitataja majina. Nitasema mke wa mwenyekiti mwenyewe."

Aliweka ungo chini. "Ukitaja jina moja tu, nitakufukuza mimi kabla mwenyekiti hajanifukuza."

"Utakosa pa kulala!"

"Nitakosa. Yule mwanamke je, atalala wapi?"

Nililia kwa hasira. Nililia nikisugua taa, na taa zilitoka safi siku hiyo.

Jumamosi watu walijaa. Ta Kamugisha alisimama mbele ya mtoma amevaa shati la mikutano. Mke wake, Ma Yusta, ambaye ndiye aliyekuwa akituuzia maziwa, alikaa mbele na mtoto wao Mujuni mapajani. Mama yake mwenyekiti, Ma Koku, ambaye ndiye aliyekuwa akituletea ndizi, alikaa upande wa pili na fimbo yake. Wakwe wale hawakuwa wakikaa pamoja. Amma na mzee walikaa mlangoni kama watu wanaosubiri hukumu.

"Ndugu wananchi," mwenyekiti akaanza, "sina ugomvi na dini ya mtu. Nauliza jambo dogo. Nyumba hii ni ya nani? Waliojenga wameondoka. Je, kuna mtu wa hapa, Mhaya, mwenye kitu chake humu?"

Niliuma ulimi mpaka nikasikia ladha ya damu. Amma alinitazama moja kwa moja, akatikisa kichwa.

"Hakuna," mwenyekiti akasema. "Basi tuanze na usafi. Huu mti umejaa takataka. Mgambo, panda, teremsha yote hayo."

Mgambo akavua viatu, akashika tawi la chini.

"Usiguse!"

Ma Yusta alikuwa amesimama. Mtoto alikuwa karibu kumponyoka.

"Yusta," mumewe akasema kwa sauti ya upole ya mbele za watu, "kuna nini?"

"Kimoja ni cha Mujuni."

"Cha Mujuni kivipi?"

"Miaka yote ile nilikuwa na mtoto?" akauliza. "Ulikuwa unaniona na mtoto? Nilikuja hapa nikafunga kibembea. Ukitaka kuniacha, niache, lakini hakiguswi."

Watu waliguna. Kabla mwenyekiti hajafungua mdomo, fimbo ikagonga chini.

"Kimoja?" Ma Koku akasema. "Viwili. Changu kiko upande wa barabarani, na ndicho kilichofanya kazi."

"Mae! Mama yangu!" Ta Kamugisha akasema.

"Usiniite mae. Wewe ulikuwa kwenye pombe ya rubisi unawaambia wenzako utaoa wa pili. Mimi nilikuja hapa na mkungu wangu kichwani na magoti yanauma."

Ma Yusta alimgeukia mama mkwe wake, mdomo wazi. "Mama, ulikuja? Kwa ajili yangu?"

"Kwani nani mwingine alikuwa wa kunizalia mjukuu? Na wewe ulikuja lini?"

"Jumanne, nikileta maziwa."

"Mimi Alhamisi."

Halafu, kama waliopangana, wakanigeukia mimi.

"Na huyu alijua!" Ma Koku akasema, fimbo imeninyooshea. "Kila wiki ananiuliza, 'Waitu, mama, nyumbani hawajambo?' kama mtu asiyejua kitu!"

"Mimi nikamwambia mama mkwe wangu hanipendi," Ma Yusta akasema, "akaitikia 'pole'! Pole tu!"

Watu walivunjika mbavu. Hata mgambo, ambaye bado alikuwa anang'ang'ania tawi, alicheka mpaka akateleza chini. Amma hakuwa ameelewa yote, maana walikuwa wameingia Kihaya, lakini alijifunika uso kwa ncha ya sari na mabega yakawa yanatikisika.

Ta Kamugisha hakucheka. Alimtazama mtoto wake, akautazama mti, akavua miwani akaifuta, akaivaa. Mtu mwingine angefoka. Yeye alisema, "Mgambo, vaa viatu." Kisha akasema kahawa bado inalowa, hilo halijabadilika, na akamuuliza Bwana Kanti kama duka lake la vitambaa litabaki tupu akisafiri. Bwana Kanti akasema litabaki tupu, na funguo hizi hapa. Mkutano ukafungwa. Wakwe wale wawili waliondoka pamoja, mmoja amebeba mtoto, mwingine amebeba fimbo ya mwenzake, wakigombana ni kibembea cha nani kilichotangulia.

Jumatatu asubuhi nilikuwa uwanjani na ndoo ya majivu nilipomwona mwenyekiti getini, peke yake. Alivua viatu bila kuambiwa. Akaja mpaka chini ya mtoma, akainua uso, akasimama hivyo muda mrefu.

"Ni vipi?" akauliza.

"Vipi vipi, Ta?"

"Vyetu. Vile viwili."

Nilivijua. Kimoja kilikuwa karibu na bega lake.

"Sijui, Ta."

"Unajua."

"Najua. Sisemi."

"Mimi ni mwenyekiti wa mtaa huu."

"Na mimi ndiye mtunzaji wa hapa."

Alinitazama kwa hasira, nami nikamtazama kwa hasira; kwa hilo sishindwi na mtu. Halafu bega lake likashuka kidogo. "Sasa mimi nitavijuaje?"

"Nyumbani una mke, na una mama," nikamwambia. "Kawaulize. Na ukiwauliza, kaa chini kwanza."

Akavaa viatu. Ofisi yake ilikuwa kulia ukitoka getini, nyumba yake kushoto. Alishika kushoto.